Utabiri wa Mjomba

Wiki ya mwisho kabla ligi kuu haijaanza, duka la pembejeo la Kassimu pale Lushoto mjini hujaa watu wasionunua kitu. Huja kuota jua barazani, maana mwezi wa nane ukungu huchelewa kuondoka, na huja kumchokonoa. Kila mwaka siku kama hizo redio ya mjini humwita atabiri timu nne zitakazogombea ubingwa, na kila mtu hutaka kuzijua kabla ya mwenzake.

"Mzee Kassimu, ninong'oneze tu," alisema Abuu, mkulima wa kabichi ambaye hakuwahi kunong'ona maishani mwake. "Ya tatu na ya nne. Simba na Yanga hata mbuzi wangu anazijua."

"Mbuzi wako asubiri Jumatatu, kama wenzake."

"Basi nipimie mbegu ya karoti, na unitajie moja kama nyongeza."

"Nyongeza ni maelekezo ya kupanda. Safari iliyopita hukuyasikiliza, karoti zikatoka na miguu miwili."

Watu wakacheka, na Abuu akacheka kuliko wote.

Mpira Kassimu alijifunza mwenyewe, kwa kusikiliza redio na kusoma magazeti ya zamani aliyofungia mbegu. Hakutazama sana wafungaji. Alitazama kipa na mabeki: nani amebaki na nani, wamecheza pamoja kwa muda gani, nani ameondoka katikati yao. Alikosea kila mwaka timu moja au mbili. Lakini msimu ukiisha alirudi redioni bila kuitwa, akaeleza alikosea wapi na kwa nini. Pengine watu walimwamini kwa sababu hiyo kuliko kwa usahihi wake. Hata kwenye mbegu na dawa za nyanya walimwamini hivyo hivyo. Akisema dawa hii haifai, mtu aliirudisha rafuni bila kuuliza.

Mwaka huu kulikuwa na jambo moja zaidi. Idrisa, mtoto wa dada yake, beki wa kushoto, alikuwa amesajiliwa na Mkonge Stars ya Tanga. Timu hiyo ilikuwa imepanda daraja, ikapata mfadhili tajiri, na tajiri akanunua karibu kikosi kizima kipya. Kila kona ya mkoa ilisema Mkonge watachukua ubingwa. Kule Mgwashi, kijijini kwa Mwamvita, mama yake Idrisa, watoto walikuwa wameshachora jembe na jani la mkonge, nembo ya timu, kwenye mlango wa msikiti wakachapwa.

Jumapili Mwamvita alimwita kaka yake Mgwashi. Idrisa angeondoka Jumatatu alfajiri, na kwao mtoto wa dada hafungi safari ya maana bila mjomba kumpulizia maji miguuni.

Kassimu alikuwa mjane, na watoto wake walikuwa Arusha na Morogoro. Nyumba ya dada yake ndiyo ilikuwa kwao. Kila mwisho wa mwezi alikwenda kula huko, akarudi na viazi na habari za ukoo. Siku hiyo Mwamvita alipika makande, akachinja na kuku. Baada ya dua Idrisa alivua viatu, akasimama kizingitini, miguu yake mirefu imekaa sawasawa kwenye sakafu ya udongo. Kassimu alichukua kikombe, akajaza maji mdomoni, akainama, akayapuliza kwenye miguu ile.

"Nenda salama, rudi salama," alisema. "Mguu wako upate njia."

"Na ubingwa je?" Mwamvita aliuliza. "Tia na ubingwa, kaka."

"Ubingwa si wa Idrisa peke yake, dada. Uwanjani wako kumi na mmoja."

"Na wajomba je, mko kumi na mmoja?"

Wanawake wakacheka. Kassimu naye akacheka, akarudisha kikombe, na neno la ubingwa halikutoka. Mwamvita alilitambua hilo, lakini akalinyamazia, kwa kuwa kulikuwa na wageni.

Jioni Idrisa alimsindikiza mjomba wake mpaka barabarani kusubiri gari. Njia ilipita katikati ya mashamba ya maharage, na Idrisa alitembea nyuma kama inavyompasa mdogo.

"Mjomba, kesho utatutaja?"

"Unataka nikutaje?"

Idrisa alichuma jani la maharage. "Nataka useme unavyoona. Kule kambini kila mtu anatuambia sisi ni mabingwa. Kocha, mfadhili, hata dereva wa basi. Wote wanataka kitu kutoka kwetu. Nataka nimsikie mtu mmoja asiyetaka kitu."

"Hata kama ni baya?"

"Hata kama ni baya. Ila usimwambie mama nimekuuliza. Atadhani nina mashaka, na mwenye mashaka kwake hatoki nje ya mlango."

Kassimu aliahidi yote mawili.

Chumba cha kurushia matangazo kilikuwa ghorofani, kidogo, kuta zimebandikwa sponji za magodoro ili sauti isivume. Mtangazaji, Jofrey, kijana wa Tanga mwenye kicheko chepesi, alimsogezea kipaza sauti. Kassimu alizitaja timu zake nne. Alieleza kila moja, polepole, kipa kwanza, kisha mabeki. Jofrey alisubiri mpaka mwisho, kisha akaegemea mbele.

"Wasikilizaji watanipiga mawe nisipouliza. Mzee Kassimu, Mkonge Stars hawamo? Na una mpwa wako pale!"

Hapo Kassimu alifikiri, na alifikiri kwa haki. Aliona ahadi aliyompa Idrisa njiani. Aliwaona wasikilizaji waliomzoea akisema kweli. Jambo moja hakuliona. Kwao mjomba hatii neno baya kwenye jambo la mpwa ambalo halijaanza, maana akilitia, linashika. Si kwamba hakulijua. Alilijua tangu utotoni, kama anavyojua kutokuingia na viatu ndani. Lakini alilijua kama jambo la kizingitini na kikombe cha maji. Hakuwahi kufikiri kwamba linaweza kumfuata ghorofani.

"Hawamo," alisema. "Wamenunua mabeki wanne wapya na kipa mpya. Kila mmoja ni mzuri, na mpwa wangu ni mzuri. Lakini ukuta mbichi haubebi paa. Watafungwa sana mwanzoni. Wasipokuwa na subira, watashuka daraja."

"Ukuta mbichi haubebi paa!" Jofrey alirudia kwa furaha, akaweka muziki.

Chini ya ngazi, mama muuza chai, Wema, alikuwa amewasha redio yake ndogo. Kwa kawaida humtania Kassimu akishuka. Siku hiyo alimmiminia chai, akamtazama.

"Mzee wangu, yule si mtoto wa dada yako wa tumbo moja?"

"Ndiye."

"Haya," alisema Wema, akaendelea kupangusa meza iliyokuwa safi.

Mkonge walifungwa mechi ya kwanza. Wakafungwa ya pili, bao likipita upande wa kushoto, upande wa Idrisa. Wakatoka sare moja, wakafungwa tena. Mfadhili alimfukuza kocha akaleta mwingine, na mwingine akabadilisha mabeki wawili, kwa hiyo ukuta ukaanza kukauka upya. Barazani kwa Kassimu watu walimpongeza. Abuu alimwita Profesa. Kassimu hakufurahia pongezi, lakini hakuzikataa pia, na baadaye alikumbuka kwamba hakuzikataa.

Mwisho wa mwezi wa tisa Mwamvita alituma ujumbe kwamba ana msiba wa jirani, asiende. Mwezi wa kumi alisema anaumwa mafua, ya kuambukiza. Kassimu alimtumia limao na tangawizi kwa dereva wa gari la Bumbuli. Hazikujibiwa.

Vuli ilipoanza, Idrisa aliumia goti. Hakuna aliyemgusa. Aligeuka kumfuata winga, mguu ukabaki nyuma, akaanguka akishika nyasi. Walimtoa kwa machela, na daktari akasema kitu cha ndani ya goti kimekatika.

Siku iliyofuata Kassimu alifunga duka akaenda Mgwashi kwenye mvua. Mwamvita alikuwa amekaa mlangoni akichambua mboga. Hakuinuka.

"Dada, habari za hapa?"

"Unaziona."

"Idrisa umeongea naye?"

"Nimeongea naye. Analia, anajificha kwenye simu nisisikie." Aliendelea kuchambua. "Umekuja kutazama kazi yako?"

Mvua ilimpiga Kassimu mabegani. Kizingiti kilikuwa hatua mbili mbele yake, na Mwamvita hakusogea kumpisha.

"Mwamvita, ligi ina timu kumi na sita. Mimi nilitaja nne. Kumi na mbili nilisema hazimo. Zote nimezilaani?"

"Hizo hazina mpwa wako."

"Sikusema kwa ubaya."

"Najua hukusema kwa ubaya. Mjomba hana kusema kwa ubaya wala kwa uzuri. Anasema, basi." Alitupa bua uani. "Siku ile nilikuomba utie neno moja tu, hapa, mbele ya watu. Ukalikalia. Kesho yake ukaenda kwenye mashine ukatia lingine."

"Ile ni kazi, dada. Watu wananiuliza, najibu ninachokiona."

"Na mimi nilikuuliza nini?"

Kassimu angeweza kumwambia wakati ule kwamba Idrisa mwenyewe ndiye aliyeomba kweli. Neno lilifika mdomoni, akalirudisha. Aliahidi. Tena aliona jinsi Mwamvita angelipokea: mwanangu alikuwa na hofu tangu mwanzo, na hofu ile aliipeleka kwa mjomba badala ya kuileta kwangu.

Si haki kumwita Mwamvita mjinga. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, alikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, na alimpeleka Idrisa hospitali, si kwa mganga, kila alipougua. Lakini mtoto wake alikuwa amelala kitandani mbali naye, na katika mambo yote yaliyomfikisha pale, moja tu ndilo lililokuwa na jina na uso na lingeweza kurekebishwa. Kaka yake.

"Basi leta maji," Kassimu alisema. "Nitakwenda Tanga nimpulizie. Nitalirudisha neno."

Mwamvita alitikisa kichwa. "Ungelisema hapa, ungelizima hapa. Hili limesikika mpaka Korogwe. Neno lililotoka hewani linarudishwa hewani."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba Mkonge watakuwa mabingwa."

"Dada, wako mkiani."

"Ndiyo maana wanahitaji neno." Aliinuka hatimaye, akashika sinia la mboga. "Siku utakaposema, njoo ule. Kabla ya hapo usinipandie huku mlimani na mvua."

Akaingia ndani. Hakufunga mlango kwa nguvu. Aliurudisha taratibu, kama mtu anayemfungia mgonjwa asipigwe na baridi.

Kassimu alilibeba jambo hilo wiki nyingi. Alilipima kama alivyopima kila kitu, upande huu na ule. Kwamba goti la Idrisa halikukatwa na maneno, alikuwa na hakika. Kwamba dada yake hatalegea, alikuwa na hakika pia. Mwamvita akisusa, husema mara moja tu. Aliwaza nyumba ile ya Mgwashi, makande, uani, mahali pekee duniani walipokuwa wakimwita kwa jina la utotoni. Kisha akaweka upande wa pili jina lake la redioni, akaona ni jina la mzee mmoja mwuza mbegu. Likipotea, atapoteza yeye peke yake. Hivyo ndivyo alivyoona. Hakumpigia Idrisa simu kumwuliza, kwa sababu kijana alikuwa mgonjwa na hakutaka kumchosha.

Mwezi wa kwanza, mzunguko wa kwanza ulipoisha, Jofrey alimwita kwenye kipindi cha tathmini. Kassimu alipanda ngazi akiwa na chupa ya maji.

"Karibu mchambuzi wetu!" Jofrey alianza. "Timu zako nne, tatu zimo juu kabisa. Na Mkonge, kama ulivyosema, wako mkiani. Tueleze, Mzee, ulionaje mbali namna hiyo?"

"Nimekuja kurudisha neno," Kassimu alisema.

"Neno gani?"

"Mwezi wa nane nilisema Mkonge Stars hawamo. Nalirudisha. Mkonge Stars watakuwa mabingwa wa msimu huu."

Jofrey alicheka. Aliposikia mwenzake hacheki, akacheka kidogo zaidi ili kuziba pengo. "Mzee wetu leo ana utani. Wako wa mwisho! Watakuwa mabingwa kwa hesabu gani?"

"Si kwa hesabu. Kwa neno la mjomba."

Akafungua chupa, akajaza maji mdomoni, akageukia upande ambako alidhani Tanga iko, akayapuliza. Chumba kilikuwa kidogo. Maji yalifika kwenye meza ya mitambo, na sauti ya fundi mitambo ikasikika mpaka majumbani: "Aisee, mzee! Waya! Waya!" Kisha muziki.

Kabla ya adhuhuri sauti ile ilikuwa kwenye simu za mji mzima. Mtu fulani aliikata vizuri: Mkonge Stars watakuwa mabingwa, fyuuu, aisee mzee, waya waya. Watoto wa shule waliiimba wakipita dukani. Barazani Abuu alichukua pakiti ya mbegu za nyanya, akaigeuza geuza.

"Mzee Kassimu, hii itaota yenyewe, au mpaka uipulizie?"

"Itaota ukifuata maelekezo."

"Maelekezo yapi, ya mwezi wa nane au ya mwezi wa kwanza?"

Kicheko cha siku ile hakikuwa kama cha karoti. Abuu mwenyewe alikigundua, akanunua pakiti mbili ambazo hakuzihitaji. Lakini wengine walianza kusoma maandishi ya kwenye chupa za dawa wenyewe, wakimwuliza na kisha wakienda kuuliza duka la pili.

Jofrey alikuja jioni moja, akakaa kwenye gunia la mbolea. Alizungumzia baridi, kisha bei ya viazi, kisha akasema msimu ujao kipindi kitakuwa na mchambuzi kutoka Tanga. "Si mimi, Mzee. Ni uongozi. Wanasema kipindi kinatakiwa kiwe na... kiwe cha kisasa."

"Wako sawa," Kassimu alisema. "Mzee kama huyo nisingemwamini hata mimi."

"Lakini kwa nini, Mzee wangu? Ulikuwa umepatia!"

Kassimu alirudisha mizani mahali pake. "Una dada, Jofrey?"

"Ninaye mmoja."

"Basi."

Mwamvita alikuja mwenyewe mjini, siku ya gulio, na kikapu cha mapeasi kichwani. Aliingia dukani mbele ya wateja, akakiweka kikapu kwenye mizani, akamshika kaka yake mkono kwa mikono miwili.

"Hongea, kaka," alishukuru kwa Kishambaa. "Hongea mno. Umeona? Jumamosi wametoka sare. Ugenini!"

"Nimeona."

"Na Idrisa ameanza kukanyaga. Daktari mwenyewe ameshangaa." Uso wake ulikuwa umerudi ujanani. "Mwisho wa mwezi uje. Nitapika."

Kassimu alisema atakwenda. Alimenya peasi moja, wakagawana pale pale, na lilikuwa tamu. Alijiambia kwamba kama hii ndiyo bei, imelipwa na yaliyonunuliwa yamefika.

Simu ya Idrisa iliingia siku mbili baadaye, mchana, wakati duka limetulia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Goti?"

"Linakunja. Halinyooki lote. Nimesikia redio."

"Umeisikia."

"Walinichezea wenzangu kwenye chumba cha mazoezi. Walirudia mpaka fundi mitambo wakamjua jina."

"Ni mama yako, Idrisa. Alikuwa..."

"Najua ni mama. Alinipigia anafurahi, akaniambia mjomba amelirudisha." Sauti ya Idrisa haikuwa ya hasira, na Kassimu angetamani iwe ya hasira. "Mjomba, unajua tangu mwezi wa nane kule wananiita nani? Ukuta Mbichi. Mimi sikuchukia. Tulipokuwa tunafungwa, wenzangu walikuwa wanashukiana uchawi. Huyu anasema yule amefunga kitu golini, yule anasema huyu amehongwa. Mimi nilikuwa najua kwa nini tunafungwa. Nilikuwa najilaza nasema, ukuta haujakauka, hakuna mchawi hapa, na sina kosa lisilo la kawaida. Nilikuwa nalala. Katika ile timu mimi tu ndiye nilikuwa nalala."

Kassimu alishika simu kwa mikono yote miwili.

"Hata nilipoanguka," Idrisa aliendelea, "nilisema ni goti. Sikusema ni neno. Sasa mama anasema ni neno, na wewe umekubali kuwa ni neno. Umekwenda redioni umekubali."

"Sikukubali. Nilisema tu ili..."

"Ndiyo, mjomba. Ulisema tu. Kama kocha. Kama dereva wa basi."

Mteja aliingia, mwanamke mwenye mtoto mgongoni, akasimama akisubiri. Kassimu alimwonyesha kwa mkono angoje.

"Ungeniuliza," Idrisa alisema. "Ningekuambia usilirudishe."

"Ningemwambia nini mama yako?"

"Sijui. Mimi sijui." Kisha, kwa adabu ile ile aliyolelewa nayo: "Usijali, mjomba. Nakusalimia tu. Baki salama."

Mkonge Stars walishuka daraja. Mwamvita hakutetereka. Alisema neno lilichelewa kurudishwa, na lau lisingerudishwa, mguu ungekatwa. Kassimu alikwenda Mgwashi kila mwisho wa mwezi. Alikula, alicheka panapochekesha, alirudi na viazi. Hakurudi redioni kueleza alikosea wapi. Hakuna aliyemwuliza, na hakujua angeanzia na kosa lipi.

Timu ilimwacha Idrisa, akarudi nyumbani. Alimsaidia mama yake shambani, na jioni alikimbia peke yake kwenye njia ya maharage. Mwezi wa nane ulipofika tena, timu moja ya daraja la chini kutoka Muheza ikamwita. Mwamvita alichinja kuku.

Kassimu alifika asubuhi. Kutoka chini ya mteremko alimwona Idrisa akipanda na ndoo mbili za maji, naye akasimama kumtazama kabla hajaonwa, kama alivyozoea kuwatazama mabeki. Mguu wa kulia ulipanda. Wa kushoto ulivutwa. Mahali penye jiwe, Idrisa alizunguka jiwe. Kassimu hakuhitaji kuona mara ya pili. Goti lile lisingemaliza msimu. Pengine lisingemaliza mwezi, na likikatika tena halitaunganika, na kijana atatembea hivyo mpaka uzee wake.

Ndani, redio ilikuwa imewashwa juu ya kabati. Mchambuzi mpya alikuwa akitabiri. Alikuwa na sauti nzuri, na alisema kila timu ina nafasi yake msimu huu, ni wao tu kujituma.

"Zima hiyo," Mwamvita alisema. "Mchambuzi wetu amefika."

Majirani walikaa kwenye mikeka. Idrisa alivua viatu, akasimama kizingitini. Goti la kushoto lilikuwa nene kuliko la pili, na alisimama akiliegemeza kidogo kwenye mwimo wa mlango ili lisionekane. Mwamvita alileta kikombe, akakishika mwenyewe, akasimama karibu na kaka yake ili asikie vizuri.

"Sema, kaka. Safari hii sema lote, watu wasikie."

Idrisa aliinua macho. "Mjomba," alisema, kwa sauti ya chini, lakini wote waliisikia. "Wewe unaonaje?"

Lilikuwa swali la kweli. Aliuliza kama alivyouliza mwaka uliopita kwenye njia ya maharage, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa wazi, ukingoja. Kama angeambiwa usiende, asingekwenda. Kassimu alijua hilo. Alimtazama mpwa wake, akatazama lile goti, akatazama mkono wa dada yake ulioshika kikombe.

Alikichukua kikombe. Alijaza maji mdomoni, akakaa nayo, na kwa kuwa mdomo ulikuwa umejaa hakuna aliyemtarajia aseme kitu. Angependa ibaki hivyo. Kisha akainama, akayapuliza miguuni.

"Mtachukua ubingwa," alisema.

"Amina!" Mwamvita alisema, na mikeka yote ikaitikia. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

"Asante, mjomba," alisema Idrisa, kama mtu anavyomjibu aliyempa pole. Akainama kufuta maji kwenye miguu, akaanza kuvaa viatu, cha kulia kwanza, kisha polepole cha kushoto.